Mkaguzi wa Nyota za VPN

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza juma kwa kujuta. Nilimwambia Mkuu, mbele ya ofisi nzima, kwamba naweza kuumaliza mrundo wa malalamiko ya VPN kabla ya Ijumaa. Mdomo wangu huu! Hakuna hata aliyeniuliza.

Kazi yetu ni hii. Tovuti yetu inakusanya maoni ya watu kuhusu vitu na huduma wanazonunua, kila mtu na nyota zake, kuanzia moja mpaka tano. Wenye huduma wakinung'unika kwamba wameonewa, maoni hayo yanaletwa Dawati la Haki. Hapo tuko wawili, mimi na Bi Mizani. Tunasoma, tunaamua: ni ya haki, yabaki, si ya haki, yafutwe. Bi Mizani si jina lake. Nimempa mimi, kwa sababu hupima hata sukari ya chai. Amekaa upande wa feni. Mimi upande wa ukuta.

Sasa anatafutwa Mkuu wa Dawati. Atakuwa na chumba chake chenye dirisha. Nimekwenda kukichungulia. Dirisha linafunguka!

Nyumbani, mke wangu alinipokea na simu mkononi kabla sijavua viatu. Baba yake anapasuliwa koo Ijumaa. Baba mkwe anaishi kwa shemeji, mbali, nchi ambayo simu za mtandaoni zimefungwa. Bila VPN, programu ya kupenyeza kwenye mtandao uliofungwa, hakuna kuonana wala kusikilizana. Daktari amesema wazi: uvimbe watautoa, lakini sauti huenda isirudi. Na ile si sauti ya kuchezea. Baba mkwe alikuwa mnadi. Maisha yake yote amesimama juu ya meza akiuza makabati na cherehani za watu. Siku nilipokwenda kujitambulisha alinijulia hali mimi, akaitikia jirani.

Mke wangu ana ombi moja tu. Ijumaa asubuhi, kabla baba hajaingizwa, amnadi. Alipokuwa mdogo, baba alikuwa akimpandisha juu ya meza ya chakula na kumtangaza: binti huyu, macho mawili, meno yote, nani anaongeza? Mama akitaja bei, baba anapanda. Kaka akitaja, baba anapanda. Mwisho anamnunua mwenyewe. Mke wangu anataka kuirekodi sauti hiyo abaki nayo. Akaniomba mambo ya VPN niyaache yalivyo. Tunatumia Kichochoro, inakwenda kwa kujikokota lakini haikatiki. Nikamwambia atulie. Mtu ana mume mtaalamu halafu anahangaika!

Jumanne, 5 Machi

Bi Mizani ana mtindo wa kuudhi. Kila VPN inayolalamikiwa anaiweka kwenye simu yake, anampigia dada yake, wanazungumza wee, ndipo anaamua. Leo nimesikia habari zote za shemeji yake na sofa yao mpya. Mpaka saa ya kutoka alikuwa hajafika popote.

Mimi nimegundua kitu. Nilikuwa nasoma maoni ya bwana mmoja aliyeandika kwa herufi kubwa tupu, amefura, nikajiuliza: mtu aliyekasirika anaweza kutenda haki? Hakimu akiwa na kinyongo si anajitoa kwenye kesi? Basi! Maoni ya haki ni maoni baridi. Nimeiita Kanuni ya Baridi. Mwenye alama za mshangao, nje! Anayelalama, nje! Anayesimulia mambo ya kwao, nje haraka! Anayebaki ndiye mkweli.

Nimefuta mpaka kidole kimekufa ganzi. Bi Mizani akaniuliza kama nilikuwa nasoma au nafagia. Nikamjibu kwamba kila mtu na kipaji chake. Akarudi kumpigia dada yake.

Najuta kwamba kanuni hii imenijia leo tu. Ningekuwa na dirisha zamani.

Jumatano, 6 Machi

Leo zamu ya Pazia. Hakuna VPN yenye malalamiko kama Pazia. Inakatika, inakatika, inakatika. Wimbo mmoja, waimbaji wengi.

Lakini kwenye nyota tano nimekuta watu watulivu ajabu. "Huduma ni nzuri. Kasi ni nzuri. Nimeridhika." Nikateremka. "Huduma ni nzuri. Kasi ni nzuri. Nimeridhika." Ukurasa mzima! Watu wasiojuana, majina mbalimbali, wamekubaliana mpaka kwenye nukta. Wenye hasira hata hawafanani: huyu analia na kazi yake, yule na mchumba wake, mwingine na mtihani wa mwanawe. Mashahidi wanaopishana hivyo nani atawaamini? Nikawatoa.

Mmoja tu alinichelewesha. Anajiita Binti Mnadi. Nyota moja. Ameandika kwamba Pazia hukatika pale pale mtu anapoanza kusema lililo moyoni. Kwamba baba yake ni mgonjwa. Kwamba msimwekee mzazi wenu kitu hiki. Alama za mshangao hakuna, hilo nilimhesabia. Lakini joto! Joto tupu! Nikafuta, na kwenye kisanduku cha sababu nikaandika: "Maoni haya yana hisia. Mzazi si kipimo cha kiufundi." Nilipenda sana jinsi sentensi ile ilivyokaa. Baadaye nikakumbuka kwamba baba mkwe naye alikuwa mnadi. Kumbe wanadi ni wengi.

Jioni tulikula na mke wangu. Aliniambia kitu kuhusu VPN fulani aliyoijaribu mwezi uliopita na jinsi ilivyomwangusha, na kwamba aliandika mahali wakamfutia. Nikaitikia vizuri tu. Kichwani nilikuwa napanga meza yangu mpya ikae upande gani wa dirisha. Sasa hivi najuta, nimesahau kumuuliza kama mapazia ya chumba kile nichague mimi au ofisi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemaliza! Mrundo haupo! Mkuu alipita, akatazama kioo changu, akasema "Eeh!" Kwa Mkuu hiyo ni hotuba. Bi Mizani akasema kwamba hata nyumba ikiungua huwa safi baadaye. Nikacheka kwa sauti ili ajue haikuniuma. Iliniuma.

Nikafungua ukurasa wa Pazia kuona kazi ya mikono yangu. Nyota karibu tano kamili! Hakuna malalamiko hata moja. Chini yake, Kichochoro, nyota tatu na kitu, na maneno kwamba inajikokota. Nikapata uchungu. Baba mkwe, mnadi mzima, siku kubwa kama kesho, azungumze kupitia nyota tatu?

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nimshtue mke wangu kwa zawadi. Nikampigia shemeji akiwa kazini, nikamwambia aondoe Kichochoro kwenye simu ya mzee aweke Pazia. Shemeji akasita. Akasema mbona hii inafanya kazi, dada asije akatung'oa masikio. Nikamwambia kaka, hii ni fani yangu, mimi ndiye ninayeamua ipi nzuri. Akasema basi sawa, mtaalamu ni wewe. Nikalipia Pazia mwaka mzima. Akaunti ya Kichochoro nikaifunga, mambo yasichanganyike.

Mke wangu ameshaichagua nguo atakayovaa kesho, na simu yake haitoki kwenye chaja; pale pale kwenye chaja nimeiwekea Pazia nayo. Nimejizuia kumwambia. Nataka nione uso wake.

Ijumaa, 8 Machi

Uso wake nimeuona.

Sitaki kuandika. Lakini nisipoandika nitaendelea kuisikia.

Niliomba ruhusa ya asubuhi. Tukakaa mezani, yeye mbele, mimi nyuma nikisubiri kushukuriwa. Simu ikashika mara moja. Picha safi! Baba mkwe kwenye kitanda cha hospitali, gauni la kijani, shemeji kamshikia simu. Mke wangu akasema jamani, leo mbona kweupe hivi. Nikakohoa kidogo, kwa unyenyekevu.

Mzee akamtania, akamwambia amenenepa. Akanitania na mimi. Kisha akajiinua kwenye mto, akanyoosha mkono kama aliyeshika nyundo yake ya mnada, akavuta pumzi. "Haya, haya, haya! Binti huyu! Macho mawili, meno—"

Akaganda. Mkono juu, mdomo wazi. Tukasubiri. Ikarudi, "—ani ana—", ikakatika. Pazia ikaandika kwenye kioo kwa herufi za bluu: Muunganisho wako uko salama.

Mke wangu akaita, baba, baba, rudia. Akapiga tena. Ikashika, tukamwona anacheka, akaanza upya, tukapata "Haya, haya", basi. Akapiga tena. Safari hiyo midomo inakwenda, sauti hakuna. Ndipo akayaona yale maneno ya bluu. Akaniuliza, bila kugeuka, hii ni Pazia? Nikasema ndiyo, ina nyota karibu tano. Akasema rudisha Kichochoro. Nikamwambia nimeifunga. Akageuka sasa.

Upande wa pili muuguzi alikuwa ameshafika na kitanda cha magurudumu. Tuliona kiganja cha baba mkwe kikipunga, kikaganda kikipunga.

Alichorekodi ni kikohozi, "macho mawili", na mimi nikikohoa kwa unyenyekevu. Hakulia. Alijifungia chumbani. Akiniita "mwenzangu" huwa kuna amani, akiniita "bwana wewe" huwa natafuta viatu. Leo hakuniita chochote.

Ninajuta. Naliandika neno hili kila siku, leo nimejua lina uzito gani.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji ameandika. Mzee ameamka, uvimbe wote umetoka, anakunywa maji. Namshukuru Mungu. Sauti, daktari amesema, imekwenda. Labda baadaye mnong'ono. Sasa hivi anaandika kwenye ubao mdogo, na la kwanza aliloandika ni kuuliza kama binti yake alinunuliwa.

Mke wangu alisoma hilo akiwa amesimama jikoni, akaketi pale pale sakafuni. Nilitaka kukaa naye. Nilikaa mlangoni.

Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mwezi uliopita aliijaribu Pazia, ikamkata na baba yake katikati ya maneno. Akaandika kwenye tovuti yetu. Hakutumia jina lake na hakuniambia, kwa sababu hakutaka upendeleo. Alitaka apimwe kama mtu mwingine yeyote. Aliandika kwetu kwa kuwa mimi mwenyewe, miaka yote, humwambia kwamba pale ndipo penye haki. Akanionyesha simu. "Maoni haya yana hisia. Mzazi si kipimo cha kiufundi." Akaniuliza ni mtu gani anaweza kumwandikia mwenzake hivi.

Nikasema dawati lina watu wawili.

Sijui kwa nini nilisema vile. Ulimi ulitangulia. Akanitazama mpaka nikaona aibu ya kusimama kwenye nyumba yangu. Akasema Bi Mizani hamjui, lakini anaijua sentensi ya mumewe hata gizani. Akaokota kikombe changu, akakiosha, akakiweka mbali na vyake.

Jumatatu, 11 Machi

Ofisini kunawaka moto. Watu wamenunua Pazia kwa kuamini nyota zetu. Wanapiga simu kwa Mkuu mwenyewe, na wote wana joto. Mkuu aliniita. Sikualikwa kukaa. Aliniuliza kama niliwahi kuijaribu hiyo Pazia hata dakika moja. Nikaanza kumweleza Kanuni ya Baridi. Alifumba macho, nikadhani anaifurahia.

Bi Mizani amepewa chumba. Mimi nimehamishiwa maoni ya ndoo na miavuli. Alipokuwa akibeba vitu vyake alisimama kwenye meza yangu, nikajiandaa kusimangwa. Akasema pole kwa mzee, na feni ananiachia. Afadhali angenisimanga.

Nimeiwasha feni. Haina raha yoyote.

Jumatano, 13 Machi

Nimeifungua upya akaunti ya Kichochoro, shemeji ameirudisha kwenye simu ya mzee. Mke wangu amesema asante. Neno moja, lakini nimetembea nalo mpaka kazini.

Nikapata nguvu, nikapanda kwa Bi Mizani, nikamweleza yote, kwamba Binti Mnadi ni nani. Akayarudisha maoni yale palepale, na chini yake akaandika tovuti inaomba radhi. Hapo ningeshuka nikahukumu ndoo zangu. Mambo yangekuwa mazuri.

Lakini nilipoyaona, nikaona unyonge. Nyota moja, peke yake, katikati ya wale watulivu wote. Nani atamwamini mtu mmoja? Nikaamua kumtafutia mke wangu jamaa. Nikaandika maoni ya Mjomba wa Mgonjwa. Ya Mama Mkwe Mwenye Uchungu. Ya Jirani Aliyesikia Yote. Na ili yaonekane ya kweli niliazima maneno yake mwenyewe: hukatika pale pale mtu anapoanza kusema lililo moyoni, msimwekee mzazi wenu kitu hiki. Yote nikayapa joto la kutosha. Nilitokwa na jasho nikiandika. Hata feni haikusaidia.

Kabla ya saa za kutoka yalikuwa yamefutwa yote. Bi Mizani alikuwa kikaoni, ameweka mtu mpya kwenye dawati. Mtu mpya aliona maneno yale yale, majina mbalimbali, yote yakitokea ofisi moja, akaona ni genge. Akang'oa ukoo mzima, na Binti Mnadi wa kwanza akiwa ndani. Akaunti ya mke wangu imefungiwa daima. Sababu iliyoandikwa: mtu huyu hayupo.

Sijamwambia. Nimerudi nyumbani nikaosha vyombo vyote, hata visafi. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema naosha tu. Najuta mpaka kwenye kucha.

Jumapili, 17 Machi

Siku njema! Daktari amemruhusu baba mkwe kunong'ona kidogo. Kidogo sana, amesema, maneno machache kwa siku, na ameyaweka yote ya leo kwa ajili ya binti yake. Shemeji anasema mzee tangu asubuhi hajafungua mdomo hata kuomba maji, anabana.

Mke wangu aliniita mwenzangu! Alisema: mwenzangu, nakuomba, leo kaa nje ya chumba, usiguse kitu. Kwa upole kabisa. Nikamwapia. Nimeleta kiti, nimekaa hapa koridoni na shajara hii, mikono nimeiona yote miwili iko mapajani. Sasa nimeinua mmoja ili niandike.

Simu imeshika. Kichochoro hiyo, inajikokota. Nimesikia mke wangu akisema niko hapa baba, rekodi imewashwa, usiharakishe. Kisha kitu kama karatasi inayokunjwa. Hiyo ndiyo sauti yake sasa. Mnadi yule! Machozi yamenitoka, naandika bila kuona mstari. Nimemkosesha kitu ambacho hakiuzwi popote, na ningekuwa na njia ya kumrudishia hata kipande, ningetoa chochote.

Tatizo, haisikiki vizuri. Mke wangu anasema, eeh? Sogeza, baba. Mnong'ono kama ule unataka njia pana, na sisi tumempa nyota tatu.

Nimefungua akaunti ya Kichochoro hapa kwenye simu yangu, kutazama tu. Kumbe wana daraja la juu! Sauti safi mara mbili. Nimesoma maoni ya waliohamia, safari hii nimesoma yote, ya baridi na ya moto, sikubagua. Wote wameridhika. Kuna onyo dogo chini kwamba ukihama, simu zote zilizounganishwa zitatolewa na kuombwa nywila upya. Jambo la muda mfupi. Nimeiandika nywila mpya tayari.

Mlangoni nimesikia ule mkunjo wa karatasi ukianza kwa mpigo ninaoujua: haya, haya, haya. Anamnadi! Kwa mnong'ono! Nikasema huyu mzee hawezi kuachwa aimalizie hii kwa sauti hafifu namna hii.

Nimebonyeza.

Huko ndani sasa kimya kabisa. Hata mke wangu hasemi kitu. Nadhani wameguswa.